Gazi kaboniki, ukame na mimea ya pori

Siku moja, katika mkutano wa makatekista, tulikuwa tukizungumza habari za mvula inayochelewa na za pori linaloungua mwaka kwa mwaka. Mwalimu mmoja mzee, aliyefundisha miaka mingi katika shule ya misioni, alisimama akasema hivi: «Padri, sisi twafundisha watoto kwamba gazi kaboniki ni chakula cha mimea. Leo mwatuambia kwamba gazi hilo limezidi angani, tena kwamba ni hatari. Chakula kikizidi, mwenye kula hunenepa. Basi mbona mwaogopa? Labda miti ya pori itapata nguvu na kuushinda ukame.»

Wenzake walicheka, nasi tulicheka pamoja nao. Lakini jibu hatukuwa nalo. Tulimwomba muda tujifunze kwanza. Maneno yanayofuata ndiyo jibu letu, nasi twayaandika hapa kwa kuwa tumeona kwamba swali hilohilo laulizwa fasi nyingi, tena na watu wenye akili.

Swali lenyewe si la mchezo. Wakristu wa parokia zetu waishi kwa pori: wapata humo kuni na makala ya kupikia, uyoga, viwavi, asali, masuku, na dawa za mizizi. Kama pori laweza kujilinda lenyewe na ukame, hatuna haja ya kulichunga. Kama haliwezi, yatupasa kujua mapema. Tena liko jambo la pili. Mtakatifu Augustino, alipoeleza kitabu cha Mwanzo, aliwaonya Wakristu wasiseme ovyo juu ya mambo ya mbingu na nchi mbele ya watu wanaoyajua. Alisema kwamba watu hao wakituona twakosea katika mambo wanayoyajua vema, hawatatusadiki tukiwahubiri ufufuko wa wafu na uzima wa milele. Kwa hiyo yafaa padri na katekista wajibu kwa ujuzi, au wanyamaze mpaka wamejifunza.

I. Mmea hula ginsi gani

Zamani watu walidhani kwamba mmea hula udongo. Mganga mmoja wa Bruxelles, Jan Baptista van Helmont, aliyefariki mwaka 1644, alitaka kuhakikisha. Alitia ratili 200 za udongo mkavu katika chombo, akapanda humo mti mdogo wenye uzito wa ratili 5, akaunywesha maji tu. Baada ya miaka mitano mti ulikuwa na uzito wa ratili 169. Akaukausha udongo na kuupima tena: ulikuwa umepungua kidogo sana, wakia 2 hivi. Basi akasema: mti wote umetoka katika maji.

Alipata nusu ya kweli, nusu ya pili ilimpita. Wala haikuwa mbali naye, maana ni yeye aliyelitunga neno «gas», tena alijua kwamba makala yakichomwa hutoa gazi fulani, akaliita gas sylvestre, ndio kusema gazi la pori. Gazi hilo ndilo gazi kaboniki. Alikuwa nalo mkononi, lakini hakujua kwamba ndilo lililoujenga mti wake. Watu wengine walikuja nyuma yake: Ingenhousz alionyesha mwaka 1779 kwamba majani hufanya kazi kwa mwanga wa jua, na de Saussure wa Genève alionyesha mwaka 1804, kwa kupima na kupima tena, kwamba uzito wa mmea hutoka katika gazi kaboniki pamoja na maji.

Sasa tutazame jani. Ngozi yake ni kama imepakwa nta, haipitishi maji wala hewa. Lakini ina vitundu vidogo sana, visivyoonekana ila kwa mikroskopi. Wataalamu waliviita stomata, neno la Kiyunani, maana yake vinywa. Katika fasi ya milimeta moja ya mraba vyaweza kupatikana vinywa mia moja, hata mia tatu na zaidi. Kila kinywa kina midomo miwili inayofunguka na kufungika. Kikifunguka, gazi kaboniki laingia. Lakini ndani ya jani mna unyevu, na nje mna hewa kavu. Basi kwa mlango uleule mvuke wa maji watoka.

Hilo ndilo fundo la habari yetu yote. Mmea hauwezi kula bila kupoteza maji. Ni kama mtu anayenunua chumvi kwa kulipa maji: kwa kila kijiko cha chumvi atoa mtungi mzima. Kwa kweli, ili kujenga gramu moja ya mwili wake mkavu, mti hupoteza gramu mia kadhaa za maji. Udongo ukiwa na maji, bei hiyo si kitu. Ukame ukija, mmea hubana vinywa vyake. Hapo watunza maji, lakini wakosa chakula.

II. Gazi limeongezeka kadiri gani

Kabla ya mashini za mvuke kuenea Ulaya, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa gazi kaboniki. Twajua hayo kwa mapovu ya hewa ya kale yaliyofungwa ndani ya barafu ya nchi za kusini kabisa. Mwaka 1958 Mmarekani Charles David Keeling alianza kulipima gazi hilo juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, akapata sehemu 315 hivi. Siku hizi zimepita 420. Nyongeza hiyo yatoka hasa katika makala ya mawe, petroli na gazi za ardhini zinazochomwa, na sehemu nyingine katika misitu inayokatwa. Sehemu kubwa imetoka katika nchi zenye viwanda vingi. Sehemu ya Afrika ni ndogo.

Mimea imekwisha kuona badiliko hilo. Mwaka 1987 Mwingereza Woodward alitoa habari ya kushangaza. Alichukua majani makavu ya miti ya Uingereza yaliyotunzwa katika makabati ya wataalamu kwa miaka mia mbili, akahesabu vinywa vyake, akavilinganisha na vinywa vya majani mapya ya miti ya namna ileile. Aliona kwamba vimepungua kwa sehemu 40 kwa mia. Gazi likiwa jingi, mti hauna haja ya milango mingi.

III. Faida iliyo ya kweli

Basi mwalimu wetu mzee hakusema uongo. Gazi likiongezeka, bei ya chakula yashuka. Mmea waweza kufungua vinywa vyake kidogo tu, na bado ukapata gazi la kutosha. Majaribio mengi yamefanywa shambani na porini, kwa kupuliza gazi hilo juu ya mimea iliyo hai, bila kuifungia nyumbani. Kwa wastani, vinywa vya majani yaliyopulizwa vilipitisha mvuke pungufu kwa kadiri ya sehemu moja ya tano.

Maji yasiyotoka katika jani yabaki katika udongo. Kwa hiyo faida hii yapaswa kuonekana hasa wakati wa kiangazi. Na fasi fulani imeonekana hivyo. Katika jimbo la Kansas, Marekani, ziko mbuga za nyasi ndefu. Wataalamu walizunguka sehemu za mbuga hiyo kwa kuta nyembamba zisizo na paa, wakapuliza humo gazi kadiri maradufu. Katika miaka ya mvua nyingi nyasi hazikuzidi wenzao. Katika miaka ya ukame zilizidi, kwa sababu udongo wao ulikaa na unyevu siku nyingi zaidi.

Nyasi za mbuga hizo ni za ukoo mmoja, kwa ginsi ya kula, na mahindi, mtama, miwa, na nyasi ndefu za pori letu la Katanga. Mimea hiyo ina ufundi wa pekee: hulikusanya gazi kwa nguvu ndani ya jani kabla ya kulitumia. Kwa hiyo gazi likiongezeka nje, haishibi zaidi sana. Faida yake ni kutunza maji tu. Miti, maharage, muhogo na mimea mingine mingi haina ufundi huo. Kwayo gazi likiongezeka ni maji yanayotunzwa na chakula kinachozidi pia. Msomaji aishike tofauti hiyo, tutaihitaji mbele.

Kama tungekoma hapa, tungesema: mwalimu ameshinda. Lakini tuende jangwani.

IV. Jangwa la Nevada

Katika jimbo la Nevada, huko Marekani, liko jangwa liitwalo Mojave. Mvua yake kwa mwaka mzima haifiki milimeta 200. Lubumbashi hupata 1.200 hivi. Mimea yake ni vichaka vya majani madogo, tena mimea midogo inayoota mvua ikinyesha, yatoa mbegu upesi na kufa. Wenye elimu walifikiri hivi: kama gazi kaboniki lasaidia mimea kutunza maji, basi hakuna fasi itakayopata faida kubwa kuliko jangwa. Wakaenda kujaribu. Tangu mwaka 1997 mpaka mwaka 2007, kwa miaka kumi, walipuliza gazi juu ya sehemu za jangwa lenyewe, mpaka hewa yake ikawa na sehemu 550 katika milioni. Hapo mimea ilikuwa ya pori kweli: haikupandwa na mtu, haikunyweshwa, haikutiwa mbolea.

Mwaka 1998 mvua zilikuwa nyingi kuliko desturi. Vichaka vilivyopulizwa gazi vilitoa machipukizi mapya kadiri mara mbili ya vile visivyopulizwa. Wataalamu walifurahi. Lakini mwaka wa ukame ulipofuata, tofauti ilikwisha: vichaka vyote vilinyamaza sawasawa. Ndivyo ilivyo: bei ya chumvi imeshuka, lakini mwenye mtungi mtupu hanunui kitu. Katika jangwa, mimea ikibana vinywa, maji hayabaki yakingoja. Jua layanyonya katika udongo ulio wazi, au majirani wayanywa.

Kazi ilipokwisha mwaka 2007, walikata na kung'oa vichaka, wakapima shina, majani na mizizi. Baada ya miaka kumi ya gazi jingi, uzito wa mimea idumuyo haukuzidi uzito wa ile iliyovuta hewa ya kawaida. Faida ya miaka ya mvua ilikuwa imeliwa na miaka ya ukame. Udongo tu ulionekana umepata kaboni zaidi.

Liko neno jingine la Nevada lenye mafundisho. Mwaka ule wa mvua, mmea uliofaidi kupita yote haukuwa mwenyeji wa jangwa. Ulikuwa nyasi ngeni iliyotoka pande za Ulaya, ikaenea kule kama magugu. Ilitoa majani mengi na mbegu nyingi kuliko mimea midogo ya kienyeji. Na nyasi hiyo ikikauka huwa kuni tayari. Zamani jangwa lile halikujua moto mkubwa, maana kati ya kichaka na kichaka palikuwa udongo mtupu. Baada ya mvua nyingi za mwaka 2004 na 2005, nyasi zilijaza nafasi hizo, na katika mwaka 2005 moto uliteketeza sehemu kubwa za Mojave. Hatusemi kwamba gazi ndilo lililowasha moto ule. Twasema tu kwamba linapogawa chakula haliulizi nani mwenyeji na nani mgeni: anayejua kula upesi ndiye anayeshiba.

V. Miti mikubwa na udongo maskini

Mwingine atajibu: jangwa ni jangwa, sisi tuna miti. Basi tutazame miti.

Huko Uswisi, karibu na Basel, mtaalamu Körner na wenzake walipuliza gazi, tangu mwaka 2000, katika majani ya miti ya msitu yenye umri wa miaka mia hivi, na urefu wa meta 30 na zaidi. Kazi hiyo iliendelea miaka minane. Miti ilitunza maji kidogo, ni kweli. Lakini mashina hayakunenepa kuliko ya miti mingine. Mti mzee si kama mche. Chakula alichokosa si gazi.

Huko Australia, karibu na Sydney, jaribio la namna hiyo lilianza mwaka 2012 katika msitu wa mikalitusi unaoota katika udongo usio na fosfori nyingi. Miti ilivuta kaboni zaidi, kadiri ya sehemu 12 kwa mia. Lakini mbao hazikuongezeka. Kaboni hiyo ilipita mwilini mwa miti na katika udongo, ikarudi angani. Ni kama kumletea mjenzi matofali mengi bila simenti: atayatazama tu. Yafaa tukumbuke habari hiyo, kwa sababu udongo mwekundu wa nchi yetu, ulioshwa na mvua za miaka maelfu, mara nyingi ni maskini kwa fosfori vilevile.

Na msitu wa Afrika je? Mwaka 2015 wataalamu walitoa habari ya miti zaidi ya elfu moja ya Cameroun, Bolivia na Thailand, ambayo walisoma pete zake za ndani, maana pete hizo hutunza alama ya maji na gazi mti ulivyovitumia. Waliona kwamba katika miaka 150 miti hiyo imejifunza kutumia maji kwa akili zaidi, kadiri ya sehemu 30 kwa mia na zaidi. Lakini kukua kwake hakukuongezeka. Mwaka 2020 wengine walitoa habari ya majani makavu ya miti ya misitu ya Kongo, yaliyokusanywa katika muda wa miaka karibu mia. Alama ya kutunza maji waliyoitazamia hawakuiona; waliona kinyume chake. Na mwaka huohuo Hubau na wenzake, waliopima miti katika nchi 11 za Afrika, walionyesha kwamba misitu yetu iliendelea kuvuta kaboni sawasawa kwa miaka thelathini mpaka 2015, lakini joto na ukame vyaipunguzia nguvu, kama vilivyokwisha kuipunguzia misitu ya Amazonia. Basi nani atathubutu kuweka kanuni moja kwa pori lote la dunia?

VI. Joto lapandisha bei

Mpaka sasa tumesema kana kwamba gazi laongezeka peke yake. Lakini gazi hilohilo ndilo linalozuia joto la nchi lisitoke upesi angani, na dunia imekwisha kupata joto zaidi ya digri moja tangu wakati wa mashini za kwanza. Na hewa yenye joto ina kiu. Kwa kila digri moja inayoongezeka, hewa yaweza kubeba mvuke zaidi kwa sehemu 7 kwa mia hivi. Hewa ya namna hiyo huvuta maji kwa nguvu katika majani na katika udongo. Basi gazi lashusha bei kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili laipandisha.

Tena jani lenye kubana vinywa ni kama mtu asiyetoka jasho: laungua. Kutoa mvuke kulikuwa kunalipoza.

Yafaa pia kujua kwamba mti hufa katika ukame kwa njia mbili. Ya kwanza ni njaa: vinywa vimefungwa siku nyingi, akiba imekwisha. Hapo gazi jingi laweza kusaidia kidogo. Ya pili ni kiu: udongo umekauka, lakini hewa yazidi kuvuta, maji katika mishipa ya mti yavutwa mpaka yakatika, mapovu ya hewa yaingia katikati, na mshipa haupitishi tena. Gazi jingi haliwezi kumnywesha mti wa namna hii.

Kuna hatari nyingine iliyofichwa. Katika miaka ya mvua, mmea wenye gazi jingi huota majani mengi. Ukame ukija, majani hayo yote yadai maji. Yosefu, huko Misri, katika miaka saba ya shibe alijaza ghala kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Mmea mara nyingi hufanya kinyume: katika miaka ya shibe huongeza walaji nyumbani.

VII. Pori letu: miti na nyasi

Sasa turudi kwetu. Kila mwaka, mwezi wa tisa, kabla ya mvua ya kwanza, miti ya pori la Katanga huvaa majani mapya, mekundu kwanza, kisha mabichi, na hali nyasi zote ni kavu au zimeungua. Yapata maji wapi? Katika akiba ya shina, na kwa mizizi iliyoshuka chini sana. Nyasi hunywa juu, miti hunywa chini.

Wataalamu wa Afrika ya Kusini, Bond na Midgley, waliandika mwaka 2000 kwamba gazi kaboniki labadili ugomvi wa wenyeji hao wawili. Mti mdogo porini huungua kila mwaka, kisha huchipuka toka mizizi yake. Ukipata gazi jingi, huweka akiba kubwa zaidi mizizini, huchipuka upesi, na pengine huweza kupita urefu wa moto kabla ya moto mwingine kuja. Tena, kama tulivyosema, nyasi zikitunza maji, maji hayo hushuka chini kwenye mizizi ya miti. Mwaka 2010 wao na mwenzao Kgope walitoa habari za miche ya miti ya miiba iliyokuzwa katika hewa mbalimbali. Katika hewa ya sehemu 180, kama ile ya wakati wa barafu kubwa miaka elfu ishirini iliyopita, ilikuwa dhaifu. Katika hewa ya siku zetu ilikuwa na nguvu nyingi zaidi. Na kweli katika mbuga nyingi za Afrika ya Kusini vichaka na miti vimeongezeka, hata wachungaji wa ng'ombe wanung'unika kwa kukosa malisho.

Je, hiyo si habari njema kwetu? Ni njema kwa mche wenye mizizi hai na wenye kuachwa miaka michache bila moto mkali wala panga. Lakini pori linalokatwa lote kwa makala, likachomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, halipati nafasi ya kutumia zawadi hiyo. Jirani zetu wa Ndola, huko Zambia, walifanya majaribio tangu miaka ya 1930: pori lililochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi liligeuka nyasi, miti ikafa, pori lililochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, lilihifadhi miti yake, na pori lililokingwa kabisa na moto lilizidi kuwa zito.

VIII. Jibu letu

Basi tumjibu mwalimu kwa utaratibu tuliofundishwa katika filosofia.

Kwamba gazi kaboniki ni chakula cha mimea: twakubali.

Kwamba likizidi, mmea huvumilia ukame zaidi: twatofautisha. Kama udongo bado una maji kidogo ya kutunza, kama una fosfori na chumvi nyingine, kama joto halikupita kiasi, twakubali, nasi tumeona Kansas. Kama maji yamekwisha kabisa, au udongo ni maskini, au mti ni mzee, twakana, nasi tumeona Nevada, Australia na Uswisi.

Kwamba kwa hiyo pori litajilinda lenyewe, nasi tusiogope: twakana kabisa. Gazi hupunguza bei ya chakula, halileti mvua. Wala halisaidii wote sawasawa: laweza kuinua magugu na kuwaacha wenyeji, kuinua miti na kupunguza malisho.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alisema kwamba hali ya hewa ni mali ya wote. Mali ya wote hailindwi na mtu mmoja. Wenye viwanda vikubwa wana deni lao, tena kubwa. Yafaa tuliseme bila woga. Lakini nasi tunayo yaliyo mikononi mwetu. Twaomba mapadri na makatekista mambo matatu.

La kwanza: katika mahali pa misioni na vijiji, pori lililokatwa liachwe lichipuke, visiki visichimbwe, kwa maana nguvu ya kuvumilia kiangazi imo katika mizizi ile ya zamani, si katika mche mpya.

La pili: kama lazima kuchoma, tuchome mapema, wala si mwezi wa nane na wa tisa. Katekista aweza kulisema jambo hilo baada ya sala ya Jumapili. Watu humsikia yeye kuliko wanavyomsikia mgeni toka mjini.

La tatu: tuandike. Mapadri wa kwanza waliandika diarium ya misioni siku kwa siku. Tuendelee: tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya mwisho, siku musuku ulipotoa majani mapya, mwaka uyoga ulipokosekana. Tumeona kwamba majani makavu, yaliyowekwa kabatini na watu wasiojua yatafaa nini, yalikuja kuwa ushahidi baada ya miaka mia mbili. Waseminari wa leo wenye daftari na kalamu waweza kuwaachia watakaokuja ushahidi wa namna hiyo juu ya pori letu.

Na kwa mwalimu wetu mzee twasema: asante kwa swali. Somo alilofundisha watoto halikuwa la uongo. Aendelee kulifundisha, ila aongeze neno moja: kinywa kinachopokea chakula ndicho kinachopoteza maji.